Chumba cha Ndani, Zimmerman

Yesu alisema ukitaka kusali uingie chumba chako cha ndani, ufunge mlango, uombe mbele za Baba yako aliye sirini. Ni Mathayo 6:6. Mstari huo nimeujua tangu utotoni, lakini tangu nihamie mtaa wa Zimmerman, hapa Nairobi, umekuwa ukinisumbua. Wengi wetu kwenye ploti hii tuna chumba kimoja tu: jiko pale, kitanda hapa, pazia katikati. Jirani akifungua redio, ni kama ameifungua kwako.

Siku hizi nimekaa sana na Marko sura ya kwanza. Yesu yuko Kapernaumu. Amefundisha katika sinagogi, amemponya mama mkwe wa Simoni, na jioni mji wote umekusanyika mlangoni. Ule mlango ambao angeufunga ndio huo umejaa wagonjwa! Basi alfajiri na mapema sana akatoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Hata hapo Simoni na wenzake wakamfuata: watu wote wanakutafuta. Nikisoma hivyo napata moyo. Aliyetufundisha habari za chumba naye alikuwa akiishi nyumba za watu, na chumba chake siku ile kilikuwa saa ya alfajiri.

Kwa hiyo yangu ni saa kumi na moja, kabla ndoo hazijaanza kugongana bombani. Nasoma Zaburi 119. Watu huiogopa kwa urefu wake, mistari 176, ila imegawanywa mafungu 22 kwa kufuata herufi za Kiebrania, na kila fungu lina mistari minane. Fungu moja latosha asubuhi moja. Nalisoma, nalirudia polepole, kisha nachagua mstari mmoja wa kwenda nao kazini.

Leo ulikuwa wa 25: "Nafsi yangu imeambatana na mavumbi, unihuishe sawasawa na neno lako." Nilikuwa nao Thika Road nzima, muziki wa matatu ukitikisa viti, na tulipokwama karibu na Muthaiga bado nilikuwa nao. Kinachonigusa ni kwamba mtunzi hajipangusi kwanza. Anaomba akiwa palepale mavumbini. Ni mwisho wa mwezi, kodi inadaiwa, mwili umechoka, na mimi nilihitaji ombi la mtu wa namna hiyo. Sikushuka nikiwa na furaha kubwa. Nilishuka nikiwa nimeomba.

Makesha ya Ijumaa nayapenda, na ibada za mchana pale mjini zimenibeba miaka mingi. Lakini naona makanisa yetu ya Nairobi yametufundisha vizuri kukusanyika kuliko kukaa peke yetu na Mungu. Katika Kutoka 16 mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, iliokotwa kila asubuhi. Iliyowekwa hadi kesho yake iliingia mabuu na kunuka, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Jumapili moja, hata iwe na moto kiasi gani, haikuumbwa itulishe hadi Alhamisi.

Mama mmoja wa ghorofa ya juu, mwenye watoto wadogo, aliniuliza yeye afanyeje, maana alfajiri ndiyo saa ya kunyonyesha. Nikamsimulia habari za Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley, waanzilishi wa Umethodisti, aliyezaa watoto 19 huko Uingereza. Husimuliwa kwamba alipotaka kuomba alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama hasumbuliwi. Yule dada alinyamaza kidogo, akasema leso anayo.

Jumamosi tunafua pamoja kule juu penye kamba za nguo. Ameniambia nije na Biblia, tuanze na mistari minane ya kwanza.