Kashoka ka bei nafuu: angalia jicho kabla ya rangi

Ukiingia hadwea yoyote hapa Kisumu kuulizia kashoka ka kambi, kitu cha kwanza utaonyeshwa ni rangi. Kichwa cheusi kinang'aa, mpini umepigwa vanishi mpaka unateleza mkononi, kuna stika imebandikwa kuonyesha ni chuma kigumu, na muuzaji anakuambia kashike uone venye ni kazito. Hakuna hata moja ya hizo inakuonyesha kama kazi imefanywa vizuri. Na mimi hii mambo naichukulia kwa uzito juu naona watu wakienda Kakamega Forest ama Mlima Elgon kupiga kambi na tushoka twenye kichwa kinacheza kwa mpini, na kichwa cha gramu mia tano ama mia sita kikichomoka hewani hakichagui pa kwenda, na kambi zetu hizi huwa zimejaa watoto wamezunguka moto.

Sasa mimi huanza na jicho, ile tundu ya kichwa penye mpini unaingia. Hapo ndipo fundi hawezi kukuficha kitu. Makali mabaya unaweza kuyanoa mwenyewe nyumbani na tupa ya bei ya chini, lakini jicho likiwa limefungwa vibaya utasumbuka nalo mpaka utoe mpini wote uanze upya. Geuza kashoka uangalie kichwa kwa juu. Mbao inafaa kuwa imejaza jicho lote, kila upande, na katikati unaona kabari ya mbao imezama vizuri, mara nyingi na kipande cha chuma kimepigwa kukingama ile ya mbao. Ukiona nafasi kwa kona, ingiza ukucha ama kona ya karatasi ya risiti. Ikiingia, kiache hapo. Wengine wanajaza hizo nafasi na gundi ama puti halafu wanapaka rangi nyeusi juu, kwa hivyo kwaruza kidogo na ufunguo, ukipata kitu cheupe ama cha kijivu kinatoka kama unga basi hapo umejua. Halafu angalia chini ya kichwa pia, watu wengi husahau chini, penye mpini unaingilia: mbao iwe imekaa sawa pande zote mbili, isiwe imechongwa kwa haraka upande mmoja imeshika upande mwingine inaelea.

Baada ya jicho, shika kashoka na kichwa kikiwa mbele, mwisho wa mpini uulete karibu na jicho lako mwenyewe, ufunge lile lingine, uangalie kama makali yamenyooka na mpini. Twa bei ya chini twingi huwa tumepinda hapa. Kupinda kidogo sana si neno, lakini kukiwa kumepinda mpaka unaona bila kutafuta, kila ukipiga kuni kataenda kando, na kwenda kando ndio kukata mguu.

Mpini wenyewe sasa. Angalia mwisho wake chini, pale penye haujapakwa rangi (ukiwa umepakwa rangi mzima kutoka juu mpaka chini mimi sinunui, nataka kuona mbao). Ile mistari ya miaka ya mti inafaa kwenda upande mmoja na makali, si kukingama. Halafu fuata nyuzi kwa ubavu wa mpini, ziwe zinatembea kutoka chini mpaka juu bila kutoka nje katikati, juu pale zinapotokea ndipo utakapovunjika, na utavunjika siku ya kuni ngumu. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni na walikuwa wanajua. Wazungu wa Marekani wana mti wao wa hickory kwa hii kazi, sisi huku tuko na siala, ile Waluhya wanaita lusiola, tuko na mpera, na ukipata mzeituni wa porini uliokauka vizuri usiuachilie. Shida yetu kubwa si mti, ni haraka. Mpini unachongwa ukiwa bado mbichi, unaonekana umebana vizuri sana siku ya kununua, halafu jua la Kisumu linaukausha, unasinyaa, na kufikia mwezi ujao kichwa kinacheza.

Chuma ni ngumu kidogo kukipima dukani lakini si ati haiwezekani. Mimi hutembea na katupa kadogo, na naomba ruhusa kwanza. Unasugua taratibu kwa kona ya makali, si katikati. Tupa ikizama na kula chuma kama inakula msumari, hicho ni chuma laini, kitabutuka kwa kuni za jioni moja. Ikiteleza kabisa bila kushika, makali ni magumu kupita kiasi na yanaweza kumeguka ukigonga fundo la mti. Unataka katikati, tupa inashika lakini kwa kubishana. Kitu kingine cha kuangalia ni rangi ya samawati ama zambarau karibu na ncha ya makali. Hiyo si pambo. Inamaanisha mtu alinoa kwa grainda bila kupoza na maji, chuma kikafika karibu digrii 300, na pale penye kumegeuka samawati ugumu umepungua. Doa likiwa dogo ukinoa mara kadhaa utafika penye chuma bado ni kizima, lakini likiwa limeingia ndani bana tafuta kengine. Na ukiona kichwa kina vitundu vidogo vidogo vya hewa chini ya rangi, na mshono wa kalibu umepita katikati, ujue kilimiminwa tu, hakikupigwa nyundo, na chuma cha kumiminwa cha bei rahisi kinaweza kupasuka bila kukuonya.

Hapo ndipo mimi huwa nasema wazi: kwa pesa hiyo hiyo ya kashoka ka supamaketi, nenda soko la Kibuye hapa Kisumu kwa mafundi wa jua kali. Si kila fundi, na si kila shoka, lakini pale unaweza kuuliza mtu aliyekitengeneza kwa mkono wake. Swali langu huwa moja, "Jaduong', hii ni springi ama ni nondo?" Springi ya lori ama matatu ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, ukikipasha moto mpaka kiwe chekundu na kukizima kwa oili kinakuwa kigumu kweli, halafu kinarudishwa kwa moto mdogo ili kisiwe cha kuvunjika. Nondo na vyuma vingi vya ujenzi vina kaboni kidogo sana, hata ukizizima mara kumi hazishiki makali ya shoka. Mzee mmoja pale nilipomuuliza hakujibu na mdomo, aliokota kipande cha springi chenye bado kilikuwa na tundu la boliti, akaniwekea kando ya kile kichwa alikuwa anapiga, unene ule ule, na kwa ubavu wa kichwa ulikuwa bado unaona ule mzingo wa springi haujanyooka wote. Kichwa kilikuwa na alama za nyundo kila mahali, hakina urembo, lakini jicho lilikuwa limetobolewa na kupanuliwa kwa moto, nyembamba kidogo katikati na pana juu na chini, hivyo kabari ikiingia mpini hauwezi kutoka. Hiyo ndio kazi. Alama za nyundo si kasoro, kasoro ni jicho la kuweldiwa, kipande cha paipu kimechomelewa nyuma ya bapa la chuma, hiyo usinunue hata upewe na punguzo.

Kuna kampuni za nje zimekwepa hii shida ya jicho kabisa. Fiskars ya Finland wanaunda mpini wa plastiki ngumu kuzunguka kichwa, Estwing ya Marekani wanapiga kichwa na mpini kwa chuma kimoja. Gränsfors ya Sweden bado wanatumia mbao, na mhunzi anagonga herufi za jina lake kwa kichwa alichotengeneza, kitu naheshimu sana. Lakini hizo ni pesa zingine, na fundi wa Kibuye ukirudi na shida unamkuta amekaa pale pale.

Kichwa kikianza kulegea, tafadhali usikizamishe kwa ndoo ya maji usiku kucha. Najua kila mtu amefundishwa hivyo nyumbani. Mbao inavimba, inajibana na chuma mpaka nyuzi zake zinapondeka, ikikauka inakuwa imelegea kuliko jana. Pigilia mpini kwa chini kichwa kikae, toa kabari ya zamani, chonga mpya ya mbao ngumu iliyokauka, gonga mpaka isiingie tena, halafu paka mafuta ya linsidi kwa jicho na mpini wote. Na kile kisogo cha kashoka si nyundo ya kupigilia vigingi vya hema vya chuma, unapanua jicho pole pole bila kujua, tumia jiwe.

Kwa msitu wa serikali huruhusiwi kukata mti bila kibali, kwa hivyo kazi yako kubwa itakuwa kupasua kuni za kununua ziwe ndogo ndogo za kuwashia, na kwa hiyo kazi mpini wa sentimita 35 hivi unatosha. Kama hakajakuja na ala, kata kipande cha mpira wa maji urefu wa makali, pasua upande mmoja, vika makali, funga na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mafundi wa baiskeli wanakupatia bure.