Mchezo Ulioganda kwenye Asilimia 90

Jumamosi iliyopita nilimaliza jioni nzima nikiutazama mstari mwembamba uliojaa hadi asilimia 90, kisha ukaganda. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu akisubiri mchezo wake wa magari ufunguke kwenye kivinjari, alikwisha kutoa hukumu: "Mjomba, ni intaneti hiyo." Nikamwamini, nikazima ruta na kuiwasha mara tatu, jambo ambalo nikilikumbuka sasa naona haya kidogo, kwa kuwa wakati huohuo video ilikuwa ikicheza kwenye kichupo cha pili bila kukwama hata mara moja.

Nilipaswa kwanza kujiuliza mchezo umekwamia wapi. Michezo mingi ya kivinjari iliyotengenezwa kwa Unity, programu ya kuundia michezo, huhesabu upakuaji wa mafaili hadi asilimia 90, na sehemu iliyobaki ni kazi ya kompyuta yenyewe: kuandaa msimbo wa WebAssembly (aina ya msimbo ambayo kivinjari huiendesha kwa kasi), kutenga kumbukumbu na kuiomba kadi ya michoro ichore kupitia WebGL, teknolojia inayokiwezesha kivinjari kuitumia kadi hiyo kuchora. Mstari ukiganda hapo, mara nyingi mtandao umekwisha kutimiza wajibu wake. Nilifungua ukurasa wa get.webgl.org, ambao huonyesha mchemraba unaozunguka iwapo WebGL inafanya kazi; kwangu mchemraba haukuonekana. Nilipoingia kwenye mipangilio ya kivinjari, upande wa mfumo, nilikuta kipengele kinachokiruhusu kivinjari kutumia kadi ya michoro kimezimwa, na aliyekizima ni mimi mwenyewe, miezi kadhaa nyuma, nilipokuwa nikihangaika na skrini iliyokuwa ikimemeta. Nilikiwasha, nikakifunga kivinjari na kukifungua upya, na magari yakatokea. Kama yasingetokea, ningesasisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya michoro.

Hali huwa tofauti pale ukurasa unapofunguka vizuri lakini kisanduku cha mchezo kinabaki kitupu. Hapo mimi hukishuku kwanza kizuia matangazo, kwa sababu baadhi ya michezo hungoja tangazo litokee ndipo ianze, na tangazo likizuiwa hungoja milele. Fungua mchezo kwenye dirisha la faragha, ambamo viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kama hicho kizuia matangazo) havifanyi kazi isipokuwa uwe umeviruhusu; ukikubali humo, rudi kwenye dirisha la kawaida uzime kiendelezi kimoja baada ya kingine mpaka umpate mkosaji.

Kuhusu ushauri wa kufuta kila kitu kilichohifadhiwa na kivinjari, ambao hutolewa kama dawa ya magonjwa yote, naomba msomaji awe mwangalifu. Michezo mingi huweka hatua ulizofikia ndani ya kivinjari chako, si kwenye seva, na ukifuta data ya tovuti unaanza upya kutoka ngazi ya kwanza. Anza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, ili ukurasa upakiwe upya bila kutumia mafaili ya zamani. Hatua zako hazitaguswa.

Ikishindikana, bonyeza F12 na ufungue konsoli, sehemu ambamo kivinjari huandika makosa yanayotokea. Huhitaji kuwa mtaalamu: tafuta maandishi mekundu. Namba 404 ina maana kwamba faili linaloombwa halikupatikana kwenye seva, na hakuna utakalofanya nyumbani litakalolirudisha. Malalamiko kuhusu cheti cha usalama wakati mwingine huletwa na saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu betri ndogo ya ubao mama imekufa.

Kuna pia michezo ambayo haitafunguka hata ukifanya yote hayo, nayo ni ile ya Flash, teknolojia ya zamani ya michezo na katuni za mtandaoni. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasicheze. Ukurasa wowote unaokuambia leo upakue Flash Player ili mchezo ufunguke, ufunge mara moja, kwa kuwa unachopewa kinaweza kuwa kirusi. Badala yake, weka kiendelezi cha Ruffle, ambacho huiga Flash ndani ya kivinjari. Michezo ya zamani zaidi, iliyoandikwa kwa ActionScript 1 na 2 (matoleo ya mwanzo ya lugha ya kuandikia programu za Flash), Ruffle kwa kawaida huiendesha vizuri. Ile ya ActionScript 3 bado husumbua, na mingine huishia kwenye skrini ya kwanza tu, muziki ukipiga na vitufe vikikataa kubonyezeka.