Mbwa wangu jike alikuwa anazaa watoto wawili tu: jinsi nilivyotatua

Dume hakuwa tatizo, maana kwingine alikopandisha watoto walijaa boksi. Tatizo lilikuwa tarehe. Ile kanuni ya kumpandisha siku ya 11 na ya 13 tangu damu ianze kutoka huwafaa majike wengi, ila wangu huchelewa. Tena alishaanza kupindisha mkia pembeni mapema, dalili ya kuwa tayari kupandwa ambayo hudanganya wengi.

Daktari wa mifugo alimtoa damu kupima projesteroni, homoni inayoonyesha mayai yanatoka lini, akarudia kila baada ya siku mbili. Ilipofika kama nanogramu 5 kwa mililita, nikadhani ndiyo saa yenyewe. Akanizuia: mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga, huhitaji kama siku mbili kukomaa ndipo yarutubishwe, na baada ya hapo hayadumu. Mbegu za dume, kwa upande wao, huweza kuishi siku kadhaa ndani ya jike.

Tukasubiri siku mbili, akapandwa. Dume akapumzika siku moja, kisha wakarudiana. Kuwakutanisha kutwa mara tatu ni kumchosha dume bure.

Safari hii wamezaliwa saba. Mdogo kabisa namsaidia kwa chupa, wengine wananyonya wenyewe kwa fujo.