Salfa ilivyookoa maua ya miembe yangu ya ngowe

Miembe yangu hapa Malindi ilichanua vizuri, kisha mashada ya maua yakaanza kupakwa unga mweupe. Ukiyatikisa, vijiembe vidogo kama punje za mtama vinadondoka mkononi. Huo ni ukungu wa unga, ugonjwa wa kuvu, na haungoji mvua: umande na ubaridi wa usiku vinautosha.

Niliudhibiti kwa salfa ya unga inayochanganywa na maji. Haiingii ndani ya mmea. Hukaa juu na kuzuia mbegu za kuvu zisiote, kwa hiyo ua lililokwisha kauka halifufuki. Nilipiga mashada mapya yalipoanza tu kutokeza, nikarudia kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, huku nikitikisa pampu maana dawa hutuama chini na kuziba nozeli.

Kwetu pwani, joto ndilo la kuogopwa. Likizidi nyuzi 32 hivi, salfa huchoma majani na maua. Mimi hupiga alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Na nyinyi wapenzi wa mafuta ya mwarobaini, tafadhalini, acheni wiki 2 kati yake na salfa, la sivyo majani yataungua.

Sumu yake kwa mtu ni ndogo, lakini vumbi lake huwasha macho na ngozi; mwenye pumu asikaribie kabisa. Vaa miwani, barakoa na glavu. Usiihifadhi karibu na jiko: hushika moto, na moshi wake hukaba kifua.

Mashada yale ya baadaye yalibeba. Jirani yangu akataka kuitumia salfa kwa madoa meusi ya maembe yake, lakini hayo ni chule, ugonjwa mwingine wa kuvu, na dawa yake ni ya kopa, yaani shaba.