Makaburi ya Wasaadi: ukuta husomwa kutoka chini

Tulifika Makaburi ya Wasaadi, nasaba ya masultani waliotawala Morocco katika karne ya 16 na 17, mtaa wa Kasbah mjini Marrakech, saa tatu asubuhi, mlango ndio kwanza unafunguliwa. Tikiti siku hizo ilikuwa dirham 70. Ukishakata tikiti unapita kwenye ujia kati ya kuta ndefu, mwembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, kisha unatokea bustanini. Bustani hiyo iko kusini mwa Msikiti wa Kasbah, uliojengwa na Yaqub al-Mansur wa dola ya Al-Muwahhidun mwishoni mwa karne ya 12.

Waliotutangulia walikwenda moja kwa moja kupanga foleni mbele ya Chumba cha Nguzo Kumi na Mbili, alimozikwa Sultani Ahmad al-Mansur. Sisi tulianza na jengo la mashariki, na hivyo ndivyo ningemshauri yeyote afanye. Chumba kile hutazamwa kutoka mlangoni tu, nyuma ya kizuizi, huku wenzako wakikupumulia kisogoni. Asiyejua anatafuta nini humaliza zamu yake akihangaika na simu. Jengo la mashariki halina msukumano, na ndilo lenye kiini kikongwe: kuba ambayo Sultani Abdallah al-Ghalib aliijenga juu ya kaburi la baba yake, Sultani Muhammad al-Shaykh, aliyeuawa mwaka 1557 na watu waliotumwa na Waothmani, kichwa chake kikapelekwa Istanbul. Baadaye Ahmad al-Mansur, ndugu yake Abdallah, alilipanua jengo, na mama yake, Lalla Masuda, akazikwa humo mwaka 1591.

Anza kutazama chini. Sehemu ya ukuta inayofikiwa na mabega ya watu, ndoo na fagio imevikwa zeliji, vigae vya udongo vilivyochomwa na kupakwa rangi ya kioo. Fundi huanza na kigae cha mraba chenye upande wa kama sentimita 10, akakikata kwa nyundo yenye makali kuwa nyota, misalaba na vipande vingine vidogo. Kingo za nyuma huchongwa kwa mshazari, ili nyuso za mbele zigusane na udongo wa kugandishia upate nafasi ya kushika. Mshazari ukikosekana, mianya huonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Kisha vipande hupangwa kifudifudi, rangi ikitazama chini, na mchanganyiko humwagwa mgongoni. Fundi huona kazi yake siku ya kuisimamisha ukutani. Adui wa zeliji ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Hubeba chumvi, chumvi ikikauka nyuma ya rangi huisukuma ikabanduka. Ndiyo maana viraka vingi utaviona karibu na sakafu.

Juu ya zeliji hupita mshipi wa maandishi ya Kiarabu, ya mtindo wa Kufi wenye pembe au hati ya mviringo, halafu inaanza jasi. Hapa ndipo nilipokaa sana. Jasi hupakwa nene na kuchongwa kwa visu na patasi ikiwa bado ina unyevu. Ikikauka kabla ya wakati, kingo za maua humomonyoka chini ya patasi, kwa hiyo fundi huikoroga kwa muda mrefu ili ichelewe kushika. Haivumilii maji wala vidole, na paa likivuja msimu mmoja tu, kazi ya miezi huwa unga. Ndiyo sababu imewekwa katikati, mbali na sakafu na chini ya ulinzi wa mbao. Juu kabisa ni mwerezi wa milima ya Atlas, mti mwepesi kwa dari, wenye harufu ambayo wadudu hawaipendi.

Baada ya hapo foleni ina maana. Ahmad al-Mansur alishika ufalme tarehe 4 Agosti 1578, siku ileile ya vita vya Wadi al-Makhazin, ambako Sebastian, mfalme wa Ureno, aliuawa, na Sultani Abd al-Malik, ndugu yake al-Mansur, naye akafariki. Fidia za mateka wa Kireno zilijaza hazina. Mwaka 1591 jeshi lake liliwashinda Wasonghai, dola ya Afrika Magharibi, huko Tondibi, dhahabu ikaanza kuja kutoka kusini. Marumaru ya nguzo ilitoka Carrara, Italia; husimuliwa kwamba ilibadilishwa na sukari ya Morocco, uzani kwa uzani.

Nguzo zenyewe zimesimama tatutatu katika pembe nne, zikibeba matao na dari ya mwerezi iliyopakwa dhahabu. Katikati yuko Ahmad al-Mansur. Alifia Fez mwaka 1603 na mwili ukahamishiwa hapa. Jiwe lake ni refu, limechongwa ngazi kwa ngazi mfano wa paa la nyumba. Chumba kina giza, hivyo zima mwanga wa kamera, ambao huua kivuli cha jasi, egemeza simu kwenye kizuizi na uitulize.

Chumba cha Zidaka Tatu utakimaliza upesi. Bustanini nenda taratibu: makaburi zaidi ya mia yamelala usawa wa ardhi, mengine yamevikwa vigae, na mtu anayerudi kinyumenyume kupiga picha huyakanyaga bila kujua. Salamu ya makaburini itoe ukiwa njiani.

Chumba chenye mihrabu ndicho kilichonifanya nitilie shaka hadithi ya waongoza wageni. Husema Moulay Ismail, sultani wa nasaba ya Waalawi iliyowafuata Wasaadi, aliyelivua kasri la Badi, lililojengwa na Ahmad al-Mansur, marumaru zake, alichelea kuvunja makaburi akayazibia kwa kuta, yakasahaulika mpaka Wafaransa walipoyagundua mwaka 1917. Kuta zipo kweli, na ule ujia ulifunguliwa wakati wa Wafaransa ili mgeni asipitie msikitini. Lakini Moulay Ismail alifariki mwaka 1727, na mjukuu wa mwanawe wa nasaba hiyohiyo ya Waalawi, Sultani Moulay Yazid, alizikwa hapa mwaka 1792. Waliomzika walijua mlango uko wapi.