Kabla hujalaumu simu, angalia kilima

Jamani huku kwetu mtu akikosa mtandao anasema simu mbovu, mara laini imechoka, kumbe mara nyingi shida ni milima tu. Mawimbi ya simu yanaenda karibu moja kwa moja, kilima kikikaa katikati basi umekwisha, ndo maana wamepandisha minara juu kule mlima Loleza hapa Mbeya, na ndo maana ukishuka mabonde ya Rungwe kwenye migomba ile vimistari vinaanza kupungua kimoja kimoja.

Mie nahangaika na viazi, Isongole na vijiji vya huko juu Uporoto. Mkulima akishachimba anapiga kwa dalali, dalali anapiga Dar kuulizia bei, Fuso linaitwa, hela inaingia kwenye simu na hakuna waya hata mmoja umeguswa hapo. M-Pesa imeingia Tanzania 2008, kabla ya hapo hela ilikua inatumwa kwenye bahasha na konda wa basi unabaki kuomba Mungu ifike.

Sasa kitu nachotaka watu wajue, kule shambani wazee wenye vitochi wanaongea vizuri tu wakati sie wenye simu kubwa tunazunguka kutafuta mtandao. Sio bahati hiyo. Masafa ya chini kama megahezi 900, ambayo 2G, ule mtandao wa kizamani, inayatumia sana, yanafika mbali kuliko yale ya 1800 au 2100, kwahiyo ukiwa bondeni simu inang'ang'ania 4G ambayo haishiki, ingia kwenye setingi weka 2G halafu piga, utaona. Wasap itakua nzito kweli ila sauti inapita, na kutuma hela kwa zile namba za nyota na reli hakuhitaji bando wala intaneti, kwahiyo kitochi kinatosha kabisa kumlipa mkulima palepale kwenye magunia.

Hili naliongea kwa uchungu kwasababu pasipo na mtandao mkulima hajui bei ya mjini, anamuuzia wa kwanza aliyefika, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaosaidia kupeleka minara vijijini na ni jambo jema sana, ombi langu wanaopima sehemu za kuijenga waje msimu wa kuchimba viazi, washuke mpaka bondeni wakiwa na simu mkononi, wajaribu kupiga wakiwa hapohapo shambani sio barabarani.