Mbona usiku ni giza?

Jana umeme ulikatika huku Mikindani, tukatandika mkeka barazani. Mpwa wangu, yuko darasa la tano, akalala chali: "Mjomba, nyota zote hizi zinawaka, mbona bado giza?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo lilimsumbua Heinrich Olbers, daktari Mjerumani aliyependa nyota, mwaka 1823.

Nikamwambia afikirie yuko katikati ya shamba la mikorosho lisilo na mwisho. Kila akigeuka, jicho linagota kwenye shina. (Isiwe lile lililopandwa kwa mistari, hapo utaona hadi barabarani.) Sasa ulimwengu ungekuwa hauna mwisho, upo tangu na tangu, umejaa nyota kote, kila upande jicho lingegota kwenye nyota. Usiku mzima ungewaka kama uso wa jua!

Kumbe ulimwengu una umri, kama miaka bilioni 13.8, na mwanga wa mbali mno bado haujatufikia. Tena ulimwengu unatanuka, mwanga wa kale unavutika hadi macho hayauoni.

Dogo akafikiri weee. "Sasa mjomba, mwanga ukishafika wote tutalalaje?"

Umeme ukarudi. Nimeponea hapo.